Kidole cha Mashine

Mchongaji wa Newala hupapasa mpingo kwa kidole kabla ya kutia tezo. Mashine ya kukata chuma iendeshwayo na kompyuta nayo ina kidole: sindano yenye kigololi cha yakuti. David McMurtry aliibuni Uingereza mwaka 1972, apate kupimia mabomba ya injini za ndege ya Concorde. Ikigusa kitu, mashine husimama na kuandika kipimo.

Lakini mara nyingine hushtuka bure, kwa mtikiso wa mwendo wa mbio au kwa kulegea. Hatari si kusimama. Ni kile kipimo cha uongo, maana ukataji wote utakifuata. Basi fundi asilazimishe kuendelea. Atazame kama imegonga kitu kweli, airudishe polepole kwa njia iliyojia, apanguse chembe za chuma, akaze sindano, kisha apime upya.