MSHUBIRI: DAWA YA NGOZI, SI KINYWAJI

Mshubiri tunaukuta karibu kila usharika tunaoutembelea: pembeni mwa kanisa, kwenye makaburi, uani kwa wazee. Waswahili husema kitu ni kichungu kama shubiri, na tangu zamani akina mama wameupaka kwenye titi wakati wa kumwachisha mtoto kunyonya. Kwa kuwa mmea huu unajulikana, baadhi ya kamati zimetuletea maombi ya kuanzisha bustani zake, na nyingine zimependekeza kukamua majani na kuuza kinywaji. Bustani tunaziunga mkono. Kinywaji hatukiungi mkono, na hapa tunaeleza sababu.

Ndani ya jani

Ukikata jani la mshubiri utaona vitu viwili. Chini ya ganda hutoka utomvu wa manjano, mchungu sana. Katikati kuna ute usio na rangi, ambao karibu wote ni maji. Vyote viwili huitwa shubiri, lakini kazi zake ni tofauti. Ute hupakwa kwenye ngozi. Utomvu una kemikali iitwayo aloini, ambayo huendesha tumbo kwa nguvu.

Mtoto akiungua

Ajali za uji na chai huwapata zaidi watoto wadogo, hasa tunapopikia kwenye mafiga. Fanya hivi:

1. Mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya baridi kwa dakika 20. Kama hakuna bomba, tumia kikombe. Usitumie barafu.
2. Kama ngozi ni nyekundu tu, haina malengelenge, na eneo ni dogo kuliko kiganja cha mtoto mwenyewe, ute unafaa. Nawa mikono, osha jani, likate, lisimamishe robo saa utomvu uchuruzike, kisha menya ganda, suuza ute na upake. Kesho kata jani jingine.
3. Kama kuna malengelenge, au ameungua uso, mikono au sehemu za siri, au ni mtoto mchanga, mfunike kwa kitambaa safi baada ya kummwagia maji na umpeleke kituo cha afya. Usipake kitu chochote: si ute, si dawa ya meno, si yai, si manyoya ya sungura.

Tafiti kadhaa zimeonyesha kuwa ute unaweza kusaidia majeraha madogo ya moto kupona mapema, ingawa nyingi ni ndogo. Haufai kwenye jeraha lenye kina wala la upasuaji.

Hatari ya kunywa

Anayekunywa maji ya jani zima hunywa pia utomvu. Huharisha, huumwa tumbo, na hupoteza maji na madini ya potasiamu ambayo moyo unayahitaji. Mama mjamzito, anayenyonyesha na mtoto wasinywe kabisa. Kwa sababu hiyo hiyo, kupaka utomvu kwenye titi nako si salama, maana mtoto huumeza. Mgonjwa wa kisukari au wa moyo anaweza kudhurika kwa kuuchanganya na dawa zake.

Mwaka 2002 Marekani iliondoa sokoni dawa za kulainisha choo zenye shubiri zilizokuwa zikiuzwa bila cheti cha daktari, kwa kukosa ushahidi wa usalama wake. Nalo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeweka dondoo ya jani zima miongoni mwa vitu vinavyoweza kusababisha saratani.

Mshubiri hauponyi UKIMWI, malaria wala kisukari. Anayetumia ARV asiziache kwa ajili yake.

Kwa kamati na wafadhili

Pandeni machipukizi kwa nafasi ya nusu mita, mahali penye jua pasipotuama maji. Msing'oe mishubiri ya porini: biashara ya kimataifa ya aina zake nyingi inadhibitiwa ili zisitoweke.

Bustani ya namna hii haihitaji fedha nyingi; machipukizi hupatikana kwa jirani. Kwa hiyo tunaomba michango ielekezwe kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza kwa vikundi vya akina mama, na kwenye majiko yaliyoinuliwa kutoka chini. Mtoto asiyefikia chungu cha uji hatahitaji mshubiri.