Musa Aliyefichika Katika Jina la Msumbiji

Tunapoitaja nchi jirani ya kusini, Msumbiji, huenda tunamtaja Mwislamu mwenzetu bila ya kujua. Kabla ya kuwa la nchi, jina hilo lilikuwa la kisiwa. Na kabla ya kuwa la kisiwa, kwa masimulizi yaliyoenea zaidi, lilikuwa la mtu.

Kisiwa chenyewe ni kidogo, urefu wake kama kilomita 3, karibu na pwani ya Nampula. Vasco da Gama alipotia nanga hapo mwezi wa Machi 1498, alikuta bandari ya Waislamu wenye mtawala wao, nao wakifanya biashara na Waarabu. Husimuliwa kwamba mmoja wa wakubwa wa kisiwa aliitwa Musa bin Biki, na wengine humwita Musa Mbiki. Wareno wakaliandika walivyolisikia: Moçambique. Katika Kiswahili "Musa" ikafupika, "Biki" ikageuka, tukapata Msumbiji. Wallahu aalam.

Mwaka 1507 Wareno waliweka makao yao kisiwani, na mwaka 1558 wakaanza kujenga ngome ya São Sebastião. Kisiwa kikawa makao makuu ya milki yao, na jina lake likavuka maji likaenea bara. Mwaka 1898 serikali ilipohamia Lourenço Marques, ambayo leo ni Maputo, jina lilikwisha kuwa la nchi nzima. Nchi ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975, ilibaki nalo.

La ajabu ni kwamba wenyeji wa kisiwani wanaosema Kimakhuwa hukiita Omuhipiti. Wanaosema Kireno, aghalabu husema Ilha tu, yaani Kisiwa. Basi jina la Musa limetoka nyumbani likatawala nchi, na pale lilipozaliwa watu wana majina mengine vinywani. Nchi imebeba jina, lakini mwenye jina hatujui kaburi lake, watoto wake, wala hata kama alikuwa mtawala au mfanyabiashara.

Jambo hili lilitugusa sisi tuliokabidhiwa daftari la msikiti. Mwaka jana palitokea mabishano juu ya mpaka wa shamba la minazi la wakfu. Tulifungua daftari la zamani tukitafuta aliyelitoa, tukakuta maneno mawili tu: "la Mzee". Mwandishi wa siku zile hakuona haja ya kuongeza, kwa kuwa kila mtu alimjua Mzee. Waliomjua wamekwisha kufa. Mpaka tumeuthibitisha kwa taabu, na mtoaji tunamwombea dua bila ya kumtaja.

Musa bin Biki angalau alisaidiwa na masikio ya wageni, ingawa walimwandika kwa makosa. Wazee wetu hawana msaada huo ila kalamu zetu. Kwa hiyo, kila anayetoa wakfu, kila anayefungishwa ndoa na kila anayezikwa, aandikwe jina lake, la babake na la babu yake, pamoja na tarehe. Wazazi nao wawafundishe watoto nyumbani majina hayo, na kisa cha jina la mtaa wao, wangali hai wanaokijua.