Maji ya Endabash Hayaingiwi kwa Haraka

Mvua kubwa ikinyesha nyanda za juu za Karatu na Mbulu, mto Endabash hugeuka kwa saa chache. Maji ya tope jekundu huja na magogo, yakiteremka ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Ziwa Manyara.

Wairaqw wa nyanda hizo, ambao wengi huwaita Wambulu, ni wakulima na wafugaji, si watu wa mitumbwi. Lakini mto wanaujua. Katika imani yao ya asili, Looa, mungu wa jua, ni mama mwenye heri. Chemchemi na vijito ni makao ya Netlang'w, pepo wa kuogopwa. Kwenye maji mtu huenda na adabu zake.

Adabu hiyo inafaa pia kivukoni. Mto ukijaa, mwenye busara hajitosi. Huweka jiwe pale maji yalipofika. Likifunikwa, watu huketi. Bodaboda huzimwa, mizigo hushushwa, mazungumzo yakaanza. Jiwe likibaki pakavu na maji yakapungua, wa kwanza huingia na fimbo ndefu, akipapasa chini kabla ya kila hatua, uso ukielekea yanakotoka maji.

Waendesha kayaki wa Jinja, Uganda, wana desturi iliyo ndugu na hiyo. Kabla ya kuingia maporomoko ya Itanda, mtoni Nile, hupanda miambani kwa miguu, wakatazama maji yanajikunja wapi, wakakubaliana nani atangulie na nani asubiri chini na kamba ya kuokolea. Anayeamua kubeba kayaki yake na kupita nchi kavu hachekwi. Wanajua gharama: Hendri Coetzee, gwiji wao aliyeishi Jinja, alinyakuliwa na mamba mtoni Lukuga, Kongo, Desemba 2010.

Maporomoko ya Bujagali nayo yalikuwa yao, na kwa Wasoga yalikuwa makao ya pepo Budhagali. Bwawa la umeme lililokamilika 2012 liliyazamisha, na uchungu ukawafika wote, wenye mizimu na wenye makasia. Mimi naona walikuwa wakiyaheshimu maji yaleyale.

Endabash si Nile. Maji yake hayatabiriki, magogo ni mengi, na huko chini ni Hifadhi ya Ziwa Manyara, yenye viboko na sheria zake. Mwenye kayaki anayeutamani mteremko ule, akishapata kibali, akaketi na wazee wa kivukoni. Wao ndio wanaojua wingu likitanda Mbulu, mto utajaa baada ya muda gani.