Sifuri Inapomaanisha Kushindwa

Karani wa kituo cha kununulia majani chai huko Boito, kaunti ya Bomet, anatundika gunia kwenye mizani. Tuseme mizani imekwama, na badala ya uzito inatoa -12, yaani imeshindwa kupima. Kama kompyuta inayopokea haijui alama ya kutoa, mkulima anaweza kuandikiwa kilo 4,294,967,284.

Draiva ya michoro hukosea vivyo hivyo. Simu za Android hutumia kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, na humo draiva ndiyo inayoituma chipu ichore tunachokiona kwenye kioo. Kazi ikishindikana, inarudi nambari hasi: -12 kumbukumbu imekosekana, -22 maelekezo si sahihi. Ikiwekwa mahali pasipokubali hasi, inageuka mabilioni na kosa linapita kama jibu.

Anayekagua msimbo wa draiva hufuata hasa njia za kushindwa, zile ambazo huenda mwandishi wake hakuwahi kuziona zikitumika. Wapo wanaorudisha -1 wakidhani wamesema tu "imeshindikana". Katika Linux -1 ni "huna ruhusa", na fundi atakesha akitafuta ruhusa ilhali kilichokosekana ni kumbukumbu.

Mtego mbaya zaidi, kwa maoni yangu, ni sifuri. Mara nyingi ndani ya kerneli sifuri ni salama. Lakini draiva inapoisubiri chipu kwa kuita dma_fence_wait_timeout, sifuri maana yake muda umekwisha na kazi bado. Mafanikio ni nambari chanya, yaani muda uliosalia. Aliyezoea sifuri ya kwingine ataendelea mbele, na picha ambayo haijakamilika itaonekana kwenye kioo ikiwa na mabaka. Ukiusoma mstari huo wa msimbo peke yake hutaona kasoro, kwa hiyo mkaguzi hana budi kufungua maelezo ya kila kinachoitwa.

Makosa mengine hunaswa na mashine. Smatch, programu ya Dan Carpenter, husoma msimbo wa kerneli bila kuuendesha na kuonyesha nambari hasi iliyowekwa pasipostahili. Kerneli yenyewe inaweza kujinyima kumbukumbu makusudi wakati wa majaribio. Draiva iliyoomba vitu vitatu ikanyimwa cha tatu yapasa iachilie cha pili, kisha cha kwanza, na kurudisha -12 ileile. Ikisahau kimoja, kumbukumbu itavuja kila kosa hilo linapojirudia, na simu ya bei nafuu, yenye akiba ndogo, ndiyo itakayokwama mapema.