Toti, mzinga na mnanaa: Kozi za mtandaoni na lugha ya kaunta

MPWA wangu mmoja, binti wa miaka 22, anahudumu katika baa ndogo kando ya barabara ya Kakamega kuelekea Mumias, si mbali na soko la Shianda. Siku za wiki, baa huruhusiwa kisheria kufunguliwa saa kumi na moja jioni, kwa hivyo asubuhi yote ni yake. Hununua bando, akakaa chini ya mwembe wa nyanyake na kusoma kozi ya uhudumu wa baa kupitia simu. Kozi yenyewe ni ya bure na wakufunzi wake ni Waingereza.

Nilipoenda nyumbani likizo ya Desemba, alinijia na daftari mkononi.

"Mjomba, wewe si ni profesa wa Kiswahili? Hebu niambie hapa nilikosea wapi. Nimekatwa mshahara kwa sababu ya hii kozi."

Nilidhani ni mzaha, kumbe sivyo. Mkufunzi alikuwa amefundisha kwamba kipimo kimoja cha pombe kali ni mililita 35. Kwao ni sawa kabisa: tangu 1995 sheria ya Uingereza inaruhusu jini, ramu, vodka na wiski ziuzwe kwa kipimo cha mililita 25 au 35. Mpwa wangu akaandika daftarini: "kipimo kimoja = toti moja". Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Katika baa anayofanyia kazi, na katika nyingi nilizozijua ujanani (msiniulize zaidi), toti ni mililita 30. Mzinga, yaani chupa ya mililita 750, hutoa toti 25 kamili, na mwenye baa hupiga hesabu yake hivyo. Binti alipomimina 35, mzinga ukatoa toti 21 na tone la kubaki. Toti nne zilikosekana katika kila chupa. Zililipwa na nani? Na yeye.

Ninalisimulia hili kwa kuwa tunapozungumzia istilahi, wengi wetu hudhani kazi ni kutafuta neno la Kiswahili la kuweka mahali pa neno la Kiingereza, basi. Neno "toti" tumelitohoa kutoka Kiingereza zamani, limekaa vizuri katika ngeli ya I-ZI, wala halina ugeni masikioni. Lakini istilahi ya kazi haikamiliki bila maana yake mahali inapotumika. Toti bila mililita ni sawa na debe lisilojulikana ujazo wake. Angalia "mzinga" pia: neno la nyuki kwanza, kisha la vita, na leo katika baa za Kenya ni chupa kubwa, ambayo wadogo zake ni "nusu" na "kota". Mfumo huo wa vipimo umejengwa na wanywaji na wauzaji wenyewe, bila kamati yoyote ya istilahi.

Ukurasa wa pili wa daftari ulikuwa na kitenzi kilichomtatiza wiki nzima. Ni kile ambacho katika Kiingereza cha kawaida kina maana ya kuvuruga au kuchanganya mambo. Kamusi ya simuni ilimwambia "vuruga", naye akajiuliza kwa nini mhudumu avuruge majani ya mnanaa. Katika lugha ya kaunta, kitenzi hicho humaanisha kuyabana majani hayo ndani ya glasi kwa kijiti butu, taratibu, yatoe harufu pasipo kusagika, kwa sababu yakisagika huleta uchungu. Tuliketi kulitafutia neno. "Twanga" lilikataliwa mara moja. Kutwanga ni kwa kinu na mchi, na hakuna kinachonusurika. "Ponda" lina nguvu kupita kiasi. "Fikicha" ni zuri, ila hufanywa kwa vidole. Nyanya mtu, aliyekuwa akichambua mboga pembeni, akasema bila kuinua kichwa: "Si mseme tu kubinyabinya?"

Nililipenda. Uradidi wa kitenzi katika Kiswahili una tabia mbili. Wakati mwingine huonyesha tendo linalorudiwarudiwa, kama katika "sukasuka", ambalo lafaa sana kwa kile chombo cha chuma anachotikisa mhudumu. Wakati mwingine hupunguza uzito wa tendo, kama anayechekacheka bila kucheka hasa. "Kubinyabinya" limebeba yote mawili: mara kadhaa, na bila kutia nguvu.

Kuna utajiri mwingine tunaoukalia. Kupunguza ukali wa kinywaji kwa kukitia maji ni "kuzimua", na neno hilohilo hutumiwa kwa mtu anayekunywa kidogo asubuhi kuondoa uchovu wa pombe ya jana. Pombe kali isiyotiwa chochote yaweza kuitwa "kavu", kama tunavyosema "chai kavu" kwa chai isiyo na kitafunio. (Tahadhari tu kwa watu wa mvinyo, ambao ukavu kwao ni kukosa utamu.) Na je, kozi gani ya Ulaya itamweleza mhudumu kwamba mteja wa Shianda akiitisha bia ataulizwa kwanza, "moto au baridi?", na kwamba "moto" hapo ni bia ambayo haijaingia kwenye friji, si iliyochemshwa?

Jambo lililonigusa zaidi, hata hivyo, lilikuwa katika somo la kumkatalia mteja aliyelewa. Kozi ilitoa sentensi ya adabu ya Kiingereza, nayo binti akaitafsiri neno kwa neno. Jioni moja akamwendea mzee mmoja na kumwambia, "Ninaogopa siwezi kukuhudumia."

"Unaogopa nini?" mzee akamuuliza. Baa nzima ikacheka. Mzee akaongezewa chupa na mhudumu mwingine, akaondoka akipepesuka gizani kuelekea barabara kuu, ambako malori hayalali.

Waingereza huonyesha masikitiko kwa kitenzi cha kuogopa. Sisi hatufanyi hivyo. Adabu ya Kiswahili, hasa ya kijana kwa mzee, hupitia jina la heshima, wingi, na kumpa mtu njia ya kutoka bila aibu: "Baba, kwa leo tumefikia hapo. Nikuletee supu, halafu nikuitie bodaboda wa kukufikisha nyumbani?" Katazo limo ndani ya sentensi hiyo, ila limevikwa nguo. Hili somo hakuna anayelifundisha. Binti wa kaunta anatakiwa kujua kumkatalia mteja kama huyo, na kumkatalia kijana aliye chini ya miaka 18 kama Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 inavyotaka. Kujua sheria bila kuwa na maneno ya kuitekelezea hakutoshi.

Hata jina la kazi yake bado halijatulia. "Baameidi" humhusu mwanamke pekee na limebeba dharau. "Mhudumu wa baa" lina heshima na halibagui jinsia, lakini humjumuisha pia anayefuta meza. Nilipompendekezea "mkorogaji", alinikumbusha kwamba mkorogo ni yale mafuta ya kuchubua ngozi. Nilinyamaza. Tukabaki na "mhudumu wa kaunta", angalau kwa sasa.

Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Vyuo vyetu vya utalii, kuanzia kile cha Utalii kilichofunguliwa Nairobi mwaka wa 1975, vina walimu wanaozijua kaunta zetu. Kurekodi masomo mafupi ya Kiswahili, ya dakika kumi kumi, yenye toti ya mililita 30 na bia moto ndani yake, hakuhitaji bajeti ya wizara.

Kabla sijarudi kazini, mpwa wangu aliniomba nimsahihishie ukurasa wa mwisho. Alikuwa ameandika orodha ya vitenzi kumi na vinne kwa ajili ya binti mpya aliyeajiriwa juzi. Juu kabisa, kwa wino mwekundu: "Toti ya hapa ni 30. Usiulize mtandao."