Volkano za Unyamwezi na Matope Yake

Ukimwambia mtu wa Tabora kwamba mkoa wake una volkano, huenda akacheka. Volkano ni mambo ya Arusha na Mbeya. Unyamwezi ni nchi ya granaiti, miombo na mbuga. Wapelelezi Burton na Speke walifika Kazeh, Tabora ya leo, mwaka 1857 wakifuata njia ya misafara ya Ujiji, na habari za safari za zama zile zimejaa hongo, homa na pembe za ndovu, si moto wa ardhini. Hata hivyo, kaskazini mwa reli ya Kigoma, kati ya Urambo na Kaliua, viko Vilima vya Igwisi, volkano tatu ndogo za kimbalaiti, aina ile ile ya mwamba unaobeba almasi kwenye mgodi wa Mwadui. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulipima gesi ya heli ambayo miale ya angani huizalisha ndani ya chembe za kijani za olivini, ukakadiria kwamba zahaurai ya vilima hivyo ina miaka 12,000 hivi, ikizidi au kupungua kwa maelfu kadhaa. Kimbalaiti nyingine zote zinazojulikana duniani ni za mamilioni ya miaka.

Kilima huhifadhi habari za mlipuko tu, na mlipuko wa volkano ndogo huenda ukaisha upesi. Yanayofuata huandikwa na mvua. Majivu mapya hayana mizizi ya kuyashika, hivyo masika huyaporomosha, makorongo huyabeba, na bondeni maji yanapopunguza mwendo kokoto hutua kwanza, kisha mchanga, mwishoni tope laini. Hilo linaonekana vizuri Mwadui. Volkano yake ilizimika miaka milioni 40 au zaidi iliyopita, kasoko ikashika maji, na kuta zake zikabomokea humo tabaka juu ya tabaka. Kule Kimberley, Afrika Kusini, makasoko ya namna hiyo yalikwisha kumomonyoka zamani, yakabaki mashina tu. Kwa hiyo kuwapo kwa tope la Mwadui hadi leo kunathibitisha jambo ambalo mlipuko wenyewe usingeweza kulisema: uwanda huu wa magharibi umelika kidogo mno kwa muda wote huo.

Wapo watakaosema kwamba mashapo yaliyokokotwa na maji ni ushahidi uliovurugwa. Hoja hiyo ina uzito. Ndani ya konzi moja ya mchanga wa bondeni, chembe ya volkano changa inaweza kulala pamoja na chembe ya granaiti yenye zaidi ya miaka bilioni 2.5, na anayepima ovyo atapata umri wa kichekesho. Lakini tabaka haliwezi kuwa kongwe kuliko chembe yake changa kabisa, na kikomo hicho kinatosha kujenga hesabu. Tena, si kweli kwamba maji huharibu kila kitu. Nyayo za Laetoli zilikanyagwa kwenye majivu yaliyodondoka kutoka hewani. Zile za Engare Sero, kusini mwa Ziwa Natron, zaidi ya 400, zilikanyagwa kwenye tope la majivu lililoshuka na maji kutoka Oldoinyo Lengai. Vidole vinaonekana kote kuwili.

Kuhusu Igwisi, swali linalonihangaisha ni kama moto ule ulikuja mara moja tu. Ndani ya dunia iliyozoea kuhesabu kimbalaiti kwa mamilioni ya miaka, elfu 12 ni jana, na sioni sababu ya kuviita vilima hivyo vimekufa kwa kuwa tu vimenyamaza. Kuendelea kugonga mawe ya kileleni hakutatosha, maana mlipuko wa baadaye huweza kuufunika au kuubomoa uliotangulia. Mahali pa kuzamisha bomba la kuchukulia sampuli ni mabondeni, kwenye udongo mweusi wa mbuga. Mikanda miwili ya olivini iliyotenganishwa na tope la kawaida lisilo na majivu ingekuwa dalili nzito ya milipuko miwili. Mkanda mmoja ungeipa nguvu hoja ya wanaosema kazi ilikwisha siku ile ile, ingawa nao ungepaswa kutafutwa katika zaidi ya bonde moja, kwa sababu upepo hauyapeleki majivu kila upande.