Fahamu: Maelezo ya zana ni sehemu ya zana
Kwa itifaki ya MCP ya kuunganisha akili mnemba na zana, iliyotolewa na Anthropic Novemba 2024, wakala wa akili mnemba anaweza kupewa zana ya kuhariri kanzidata ya gemu, naye huamua namna ya kuitumia kwa kusoma jina, maelezo na vigezo vyake. Maelezo mabovu, basi, ni zana mbovu. Katika AzerothCore, programu huria ya seva za World of Warcraft, safu ya BuyPrice ya jedwali la bidhaa huhesabu bei ya kununulia kwa sarafu za shaba, na dhahabu moja ni shaba 10,000. Asiyeambiwa hilo ataandika 5 akidhani ni dhahabu, na upanga utauzwa bei ya kutupa.

Wapo watakaosema wakala ajisomee muundo wa jedwali. Muundo utamwambia hiyo ni namba kamili, si namba ya nini. Na nakala rudufu ya kanzidata? Ni lazima, ila husaidia mtu akishagundua kosa, na bei potofu haitoi ujumbe wowote wa hitilafu.